Fomati ya kati kwa mpiga picha wa Dar: fremu, kamera, mkanda na sensa

Anayetafuta kamera ya fomati ya kati, yaani yenye fremu kubwa kuliko ile ya 35 mm, kwa kawaida huanza na jina: Hasselblad, Mamiya, Pentax, Fujifilm. Aanze na picha. Itachapwa kwa ukubwa gani, na kwa umbo gani? Mteja anayetaka picha ya ukutani ya sentimita 40 kwa 50 hahudumiwi vizuri na fremu ya mraba, kwa sababu ukiikata iingie kwenye fremu ya kioo umetupa sehemu moja ya tano ya mkanda uliokwisha kuulipia. Ukishajua umbo na ukubwa wa picha ya mwisho, kamera zinazokufaa zinabaki chache, na mfuko unapumua.

Vipimo halisi vya fremu

Mkanda unaotumika leo kwenye fomati ya kati unaitwa 120. Kodak waliutoa mwaka 1901. Una upana wa milimita 61 hivi, hauna matundu pembeni kama ule wa 35 mm, na umezungushiwa karatasi ambayo ndani ni nyeusi na nje ina mishale na namba. Karatasi hiyo ndiyo kinga pekee ya mwanga. Kumbuka hilo, maana matatizo mengi ya mkanda huu yanatokana nayo.

Namba za majina ya fremu zimekadiriwa kwa sentimita. Ile "6" kwa kweli ni milimita 56 katika kila ukubwa, kwa sababu mkanda ni ule ule. Kinachobadilika ni urefu wa upande wa pili. Na kadiri fremu inavyorefuka ndivyo unavyopata picha chache kwa mkanda mmoja:

6×4.5: mm 56 × 41.5, fremu 15 au 16
6×6: mm 56 × 56, fremu 12
6×7: mm 56 × 70 hivi, fremu 10
6×8: mm 56 × 76, fremu 9
6×9: mm 56 × 84, fremu 8
6×12: mm 56 × 112, fremu 6
6×17: mm 56 × 168, fremu 4

Watengenezaji wanatofautiana kwa milimita moja au mbili, hasa kwenye 6×7. Fremu ya 35 mm ni 24 × 36. Kwa eneo, 6×4.5 ni kama mara 2.7 ya hiyo, 6×6 mara 3.6, 6×7 mara 4.5 na 6×9 mara 5.4.

Kwenye dijitali jina "fomati ya kati" limebaki, ila ukubwa umepungua. Sensa (kile kipande cha kamera ya dijitali kinachopokea picha badala ya mkanda) iliyoenea ni ya mm 44 × 33 hivi, na ndiyo iliyomo kwenye Fujifilm GFX zote, Hasselblad X1D na X2D, na Pentax 645Z. Ni mara 1.7 tu ya 35 mm. Ile kubwa ya mm 53.4 × 40, ya Phase One IQ4 na Hasselblad H6D-100c, ni mara 2.5, yaani bado haijafikia hata 6×4.5 ya mkanda. Leica S wao walichagua mm 45 × 30. Kwa hiyo mtu akikwambia GFX yake "ni sawa na Mamiya 6×7", anazungumzia ubora wa faili, ambao huenda ana haki nao. Kwa upana wa fremu na kwa namna lenzi zinavyoona, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Sasa umbo. 6×7 ina uwiano wa 4 kwa 5, ule ule wa 40 × 50, kwa hiyo hukati chochote. 6×4.5 na sensa za 44 × 33 ziko karibu na 4 kwa 3. 6×9 ni 3 kwa 2, sawa na 35 mm, na inaingia moja kwa moja kwenye picha ya 10 × 15. 6×6 ni mraba, na mpiga 6×6 ambaye kila mara anakata mstatili anapiga 6×4.5 kwa gharama ya fremu 12 badala ya 16.

Angalia tofauti hiyo kwenye uchapaji. Ili kupata 40 × 50, negativu ya 6×7 inakuzwa mara 7 hivi. Sensa ya 44 × 33 inakuzwa mara 12. Fremu ya 35 mm inakuzwa karibu mara 17, na hapo chembe za mkanda wa ISO 400 (ISO ni wepesi wa mkanda kupokea mwanga) zinaonekana wazi mashavuni. Kama picha zako haziendi zaidi ya A4 na simu za wateja, kamera ya kawaida ya fremu kamili (24 × 36) inatosha, na fedha hizo zipeleke kwenye taa.

Lenzi ile ile, macho tofauti

Lenzi ya mm 80 haioni upana ule ule kila mahali. Kwenye 44 × 33 inaona kama mm 63 ya 35 mm, kwenye 6×4.5 kama 50. Kwenye 6×6 kama 44. Kwenye 6×7 kama 38. Hesabu ni rahisi: zidisha urefu wa lenzi kwa 0.79, 0.62, 0.55 au 0.48 kwa mpangilio huo. Kwa picha ya kichwa na mabega, ile wanayoipenda watu kwa 85 mm, tafuta mm 110 kwenye GFX, 135 hadi 150 kwenye 6×4.5, 150 kwenye 6×6 na 180 kwenye 6×7.

Zidisha na f (namba ya ukubwa wa tundu la lenzi) kwa namba hiyo hiyo na utajua nyuma kutafifia kiasi gani. Lenzi ya 80 mm f/2.8 ya Hasselblad kwenye 6×6 inafifisha kama 44 mm ya f/1.5. Mwanga unaoingia unabaki wa f/2.8, kinachobadilika ni kina cha ukali tu, yaani umbali wa mbele hadi nyuma ambao vitu vinabaki vikali. Wengi wanachanganya hapa, kisha wanaweka mwanga vibaya.

Kina hicho ni chembamba kuliko mtu anavyotarajia. Chukua Mamiya RB67, kamera ya 6×7, yenye lenzi ya 127 mm, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako. Kwa f/3.8 unapata sentimita 6 hivi za ukali: fokasi kwenye jicho la karibu, mtu akageuza uso kidogo, jicho la pili limeshatoka. Kwa f/8 unapata 13, kwa f/11 kama 18. Ndiyo maana picha nzuri za studio za fomati hii hupigwa f/8 au f/11 na taa za kutosha, na picha ya familia ya safu mbili ianzie f/11.

Shata na flashi kwenye jua la Dar

Kuna shata (mlango unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga) za aina mbili, na tofauti yake inamgusa moja kwa moja anayepiga harusi na matangazo nje. Ya kwanza iko ndani ya lenzi. Hasselblad za familia ya 500, Mamiya RB67 na RZ67, Bronica za ETR na SQ na kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica Mat ziko hivyo. Flashi inaoana nayo kwenye kasi zote, hadi 1/500 ya sekunde kwa Hasselblad na 1/400 kwa RB. Ya pili ni shata ya pazia iliyo mwilini mwa kamera. Pentax 67 inaoana na flashi kwa 1/30 tu, Mamiya 645 na Pentax 645 kwa 1/60, GFX nyingi kwa 1/125. Hasselblad X wao wana shata ndani ya lenzi hata kwenye dijitali, na baadhi ya lenzi zinafika 1/2000 na flashi.

Saa sita mchana Coco Beach, mkanda wa ISO 100 unataka f/16 kwa 1/125. Ukitaka f/2.8 ili minazi ya nyuma ifife, umefungua stopu tano (kila stopu ni mwanga mara mbili), kwa hiyo unahitaji 1/4000. Kamera ya 1/500 haina hiyo. Suluhisho ni kichujio cha ND8 kinachokula stopu tatu, au mkanda wa polepole zaidi. Kwa Pentax 67 na flashi ya 1/30 mchana, hali ni mbaya zaidi: utajikuta f/32 na flashi haina nguvu ya kufika. Ukipanga kupiga na flashi ufukweni, Pentax 67 iache nyumbani. Kwa picha za kutembea nayo Samora au Kivukoni bila flashi, ni kamera tamu sana.

Mwanga mzuri wa jiji hili hudumu kwa muda mfupi. Tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima. Kufikia saa tatu asubuhi vivuli vya macho tayari ni vizito. Panga kazi za nje kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Nje ya hapo, tafuta kivuli cha mwembe au baraza.

Kuchagua na kukagua kamera iliyotumika

Kwa anayeanza na mkanda na hataki kuhangaika na betri, RB67 na Hasselblad 500C/M hazina umeme wowote. Zinafanya kazi miaka yote. RZ67, Pentax 67 na Mamiya 645 zinategemea betri ndogo ya volti 6. Pentax 67 bila betri haifyatui, RZ67 inabaki na kasi moja ya dharura ya 1/400. Betri za aina hiyo hazipo kila duka, kwa hiyo nunua mbili ukiipata.

Uzito nao una maana. RB67 na lenzi yake ni zaidi ya kilo mbili na nusu. Ni kamera ya stendi na studio, kuipandisha daladala ya Mbagala saa ya msongamano ni kujitafutia ubaya. 6×4.5 na kamera za lenzi mbili ndizo za mtaani. Kwa bajeti ndogo, Yashica Mat 124G ni mwalimu mzuri: lenzi zake hazitoki, 6×6, hakuna cha kukupotezea muda. Hakikisha tu kile kibamba cha nyuma kimewekwa kwenye 120, si 220, ambao ni mkanda mrefu zaidi.

Muuzaji atakwambia "bosi, mashine haina shida". Kagua mwenyewe, kwa mpangilio huu:

1. Toa lenzi, washa tochi ya simu na uimulike kutoka nyuma ukiangalia kwa mshazari. Kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui. Lenzi iliyokaa pwani bila kutunzwa karibu kila mara inayo. Vumbi kidogo ndani halina madhara, kuvu ina madhara: inakula tabaka la kioo na inapunguza tofauti ya giza na mwanga kwenye picha.
2. Sikiliza kasi za polepole. Weka sekunde 1, kisha 1/2, 1/4, 1/8. Shata inayokwama au kusuasua kwenye sekunde 1 inahitaji fundi. Rudia mara tano. Nyingine hupona kwa mara ya tatu baada ya kuchemka, na kukuumbua siku ya kazi.
3. Angalia mabawa ya shata kama yana mafuta. Joto huyayusha grisi na kuitelezesha hapo.
4. Kwa RB, RZ na nyingine zenye mvukuto (kiriba kinachokunjuka kati ya lenzi na mwili), ingia chumba chenye giza, weka tochi ndani ya kamera na urefushe mvukuto hadi mwisho. Kitundu cha sindano kwenye kona kitaonekana kama nyota.
5. Gusa sponji za kuzuia mwanga mgongoni na kwenye kasha la mkanda. Kwa joto letu hugeuka gundi nyeusi. Zinabadilishwa kwa bei ndogo, ila uzihesabu kwenye bei.
6. Kwa kasha la mkanda la Hasselblad A12, linganisha namba tatu za mwisho za ganda na za kipande cha ndani. Zisipofanana, nafasi kati ya fremu inaweza kuwa mbovu.
7. Piga mkanda mmoja wa majaribio kabla ya kulipa yote, kama mwenye mali atakubali.

Kuna kosa moja la Hasselblad 500 linalowagharimu wageni wengi: lenzi na mwili vyote viwe vimevutwa tayari kabla ya kuvitenganisha au kuviunganisha. Kimoja kikiwa kimefyatuka, kamera inakwama na lenzi haitoki. Usilazimishe. Na kasha la mkanda halitoki bila kuingiza bamba la kuzuia mwanga. Bamba likiwa ndani, kamera haifyatui. Kifyatulio kikigoma, angalia bamba kwanza kabla ya kulaumu kamera.

Kupakia mkanda wa 120

1. Nenda kivulini. Ukiwa juani kabisa, geuka mgongo na utumie kivuli chako.
2. Hamisha spuli tupu kutoka upande wa mkanda mpya kwenda upande wa kupokea.
3. Kata ule utepe wa karatasi unaofunga mkanda na uutupe wote. Kipande kikibaki ndani kitaziba fremu. Kuanzia hapa kidole gumba kisiondoke kwenye mkanda.
4. Pitisha ulimi wa karatasi kwenye mpasuo wa spuli tupu, upande mweusi ukitazama lenzi. Kwenye makasha yenye kipande cha kutoa, kama A12, mkanda unazunguka kibamba cha ndani, kwa hiyo upande mweusi unatazama nje.
5. Zungusha huku ukibana kidogo, mpaka mshale ulingane na alama ya kuanzia. Ukiupita, fremu ya mwisho itakatwa.
6. Funga, zungusha hadi namba 1.

Mkanda ukiisha, endelea kuzungusha hadi karatasi yote ipite. Toa, kunja ncha, lowesha gundi yake na uibandike kwa kubana. Mkanda uliolegea huingiza mwanga pembeni: utaona michirizi mieusi kwenye kingo za negativu, na kwenye picha inatokea kama ukungu mweupe unaoingia kutoka pembeni. Uingize mara moja kwenye mfuko mweusi au pochi, usiuache kwenye kiti cha gari. Kwa kamera za zamani zenye kidirisha chekundu cha namba, kibandike utepe mweusi na ukifunue tu unapozungusha. Kilitengenezwa kwa mikanda ya polepole, si kwa ISO 400 na jua la hapa.

Kupima mwanga: kanzu, buibui na ngozi

Mita inayopima mwanga unaoakisiwa inadhani kila kitu ni kijivu. Ielekeze kwenye kanzu nyeupe na itakupa picha ya kanzu ya kijivu; ongeza stopu moja na nusu hadi mbili. Kwenye buibui jeusi punguza kiasi hicho hicho. Ukipima uso wa mtu mweusi sana kwa mita ya doa (inayopima sehemu ndogo tu), punguza stopu moja hivi, vinginevyo ngozi itapauka.

Njia isiyokosea ni mita ya mkononi yenye kuba jeupe. Simama alipo bwana harusi, elekeza kuba kwenye kamera, piga mwanga huo huo kwa kanzu, joho na buibui, na kila kimoja kitakaa mahali pake. Kivulini pa wazi asubuhi, mkanda wa ISO 400 kwa kawaida unakupa kama f/8 kwa 1/250. Mikanda ya negativu inavumilia kuzidishiwa mwanga kuliko kupunguziwa; ukiwa na shaka, ongeza nusu stopu. Mikanda ya slaidi na sensa za dijitali ni kinyume: kanzu ikishaungua haina marejeo.

Kwa RB na RZ ongeza na hesabu ya mvukuto. Kwa lenzi ya 127 mm ukiwa sentimita 70 hivi, umepoteza nusu stopu na kidogo, na mita ya mkononi haijui hilo. Kuna mizani iliyochorwa ubavuni mwa kamera, itumie. Usiku kwenye Daraja la Tanzanite, mkanda wenyewe unachoka: mita ikisema sekunde 10, mkanda wa nyeusi na nyeupe wa HP5 Plus unataka 20.

Kuhifadhi mkanda na lenzi pwani

Usitegemee kuikuta mikanda ya 120 ukizunguka Kariakoo. Agiza mapema na uihifadhi. Iweke kwenye friji ikiwa bado imefungwa kwenye foili yake, ndani ya kopo lenye mfuniko. Kabla ya kutumia, itoe saa tatu au zaidi na usiifungue foili mpaka ipate joto la chumba. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa Dar unaganda juu ya karatasi, na matokeo yake ni madoa madoa, hata namba za karatasi kujichapa hafifu angani kwenye picha. Umeme ukikatika, friji lisifunguliwe. Mikanda haitaona tofauti.

Lenzi zikae kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Msimu wa masika silika hulowa haraka, kwa hiyo ikague kila wiki na uikaushe. Begi la kamera si hifadhi: sponji na kitambaa vyake hunyonya unyevu na kuuweka karibu na kioo. Ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa chumvi, kisha kikavu.

Ukisafiri kwa ndege, mkanda uingie nao ndani, usiuweke kwenye mzigo wa chini, na omba ukaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za ukaguzi za CT zinaharibu mkanda kwa kupita mara moja.

Kusafisha mkanda nyumbani

Rangi ya C-41, yaani usafishaji wa mikanda ya negativu ya rangi, inafanyika kwa nyuzi 38, na joto letu linasaidia. Nyeusi na nyeupe ndiyo yenye kazi, kwa sababu vitabu vinasema nyuzi 20 na bomba lako linatoa 27 au zaidi. Usisafishe kwa joto hilo: muda unafupika na mkanda unaweza kutoka na mabaka. Lenga 24. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji, tumbukiza chupa ya plastiki yenye barafu, koroga beseni na usubiri. Barafu isiingie kwenye dawa.

Mfano wa HP5 Plus kwa dawa ya ID-11. Mkanda mmoja wa 120 unahitaji ml 500 kwenye tangi, tofauti na 35 mm inayotosheka na 300. Changanya ml 250 za dawa na ml 250 za maji. Kwa nyuzi 20 muda ni dakika 13. Kwa 24 ni takriban 9. Pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika, na uligonge mezani kuondoa mapovu. Dawa ya kusimamisha nusu dakika. Fiksa ya haraka (dawa ya kuimarisha picha) ya 1+4, dakika 3 hadi 5. Kuosha: jaza maji, pindua mara 5; badilisha, mara 10; badilisha, mara 20. Maji yote yawe ndani ya nyuzi moja au mbili za dawa, maana jelatini iliyotoka kwenye joto na kuingia baridi ghafla hukunjamana.

Sehemu inayoharibu zaidi ni kuingiza mkanda kwenye rili, ile spuli ya ndani ya tangi. Mkanda wa 120 ni mpana na mwembamba, ukiubana unapiga mkunjo, na kila mkunjo unaacha alama ya mwezi mwandamo kwenye negativu. Ndani ya mfuko mweusi mikono inatoka jasho kwa dakika mbili tu, na mkanda unanata kwenye plastiki. Fanya kazi hii usiku, chumba kikiwa giza kabisa, feni imezimwa, rili kavu kama mfupa na imefunguliwa hadi upana wa 120. Tenganisha karatasi na mkanda, anza na ncha isiyo na utepe, na ukifika kwenye utepe ukunje juu ya mkanda badala ya kuurarua. Fanya mazoezi kwanza na mkanda ulioharibika, macho yakiwa wazi, kisha yamefumbwa.

Suuzo la mwisho lisiwe la maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi na mkanda unakauka na madoa. Tumia maji ya chupa na matone machache ya dawa ya kumalizia. Tundika bafuni, mlango umefungwa, bila feni. Kwa unyevu wetu utakauka kwa saa tatu au nne.

Kama umechagua dijitali

Hapa ukubwa wa fremu unakuja na ukubwa wa faili. Picha moja ya megapikseli 100 ya biti 16 isiyobanwa ni kama MB 200. Harusi ya picha 300 ni GB 60, kabla ya nakala ya pili. Chagua RAW (faili ghafi) iliyobanwa bila kupoteza, na biti 14 kwa kazi za kawaida. Utofauti wa 16 ni wa kutafuta kwa darubini. Kama kompyuta yako inalalamika kwa megapikseli 24, mfano wa megapikseli 50 kama GFX 50S II utakufaa kuliko wa 100.

Pikseli nyingi zinaonyesha kila mtikisiko. Kwa kushika mkononi, anza na kasi mara mbili ya urefu wa lenzi: 110 mm ipigwe 1/250. Usizidi f/11 kwenye sensa ya megapikseli 100 isipokuwa lazima, kwa sababu ukali unaanza kushuka. Shata ya kielektroniki ni ya polepole kwenye sensa hizi. Kwenye kumbi zenye taa za LED italeta michirizi, na mtu anayecheza atapinda. Tumia ya kimekanika. Usibadilishe lenzi barabarani. Vumbi la mtaani kwenye sensa linaonekana kama doa angani kuanzia f/8.

Kuskani na kuchapa

Skana za kulaza hutangaza dpi (nukta kwa inchi) 6400, lakini undani wa kweli hauendi mbali na 2400. Kwa hesabu hiyo 6×6 inakupa megapikseli 28 na 6×7 inakupa 35. Picha ya 40 × 50 kwa dpi 300 inataka pikseli 4724 × 5906, yaani 28, kwa hiyo 6×7 inatosha bila kukatwa. Skani kwa 3200, punguza hadi 2400, faili inakuwa safi zaidi. Hakikisha mkanda umelala bapa; katikati ukibinuka, uso unafifia na kingo zinabaki kali. Kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro na meza ya mwanga inafanya kazi hiyo hiyo haraka, mradi sensa iwe sambamba na mkanda: weka kioo kidogo mahali pa negativu, na kamera ione katikati ya lenzi yake yenyewe. Kabla ya kupeleka kazi, muulize mchapaji anataka TIFF au JPEG na wasifu gani wa rangi, kisha chapa kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha uso na ukiangalie juani, nje ya duka.